Rula Chini ya Mstari

Ni wiki ya tatu tangu nirudishe kompyuta ya kampuni, na bado nikiona kitufe kwenye simu ya mtu naanza kukikagua. Juzi dukani nilimwambia dada mmoja kwamba neno "Wasilisha" kwenye simu yake limekatwa herufi ya mwisho. Akaficha simu haraka, akidhani namtazamia namba ya siri. Basi nimeona afadhali niandike, kwa ajili yenu mliobaki pale juu ya duka la hadwea, Kawangware 56, mnaoendelea na kazi niliyoiacha. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na kiti kisichozunguka. Nitaandika kazi yenyewe, na siku moja ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu.

Naitwa Rispa. Ofisini mliniita Mathe, na kwenye ploti ninakoishi Kianda, Kibera, wananiita Mama Vera.

Kompyuta zilinikuta mtu mzima. Kabla ya hapo nilikuwa msomaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji Industrial Area, jengo ambalo sasa ni bohari ya matairi. Prufu ni karatasi ya kwanza inayotolewa kabla mtambo haujachapa maelfu. Kosa likipita hapo, linapita mara elfu. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Shiundu, mtu mfupi wa Kakamega aliyevaa koti la mvua hata wakati wa jua kali. Siku yangu ya kwanza alinipa kalenda ya kanisa fulani niikague. Niliikagua, nikaweka sahihi, nikampelekea nikiwa nimejaa majivuno. Aliitazama kwa dakika moja, kisha akaniuliza Februari ina siku ngapi. Niliyoitia sahihi ilikuwa na thelathini.

"Ulikuwa unaangalia," akasema. "Sasa keti tusome."

Kusoma kwake kulihitaji watu wawili. Mmoja alishika nakala ya mteja, mwingine alishika prufu. Mwenye nakala alisoma kila kitu kwa sauti, pamoja na koma, nukta na herufi kubwa. Mwenye prufu alifuata huku ameweka rula ya mbao chini ya mstari, ili jicho lisikimbilie mstari wa chini. Jicho likishajua kinachokuja huwa linaruka, alisema, na mwenye jicho hajui kuwa limeruka. Tulisoma hivyo miaka mingi: vitabu vya hesabu, ratiba za mazishi, lebo za dawa ya ng'ombe. Naweza kuwaambia hadi leo jinsi ya kumwogesha ng'ombe mwenye kupe. Alipostaafu aliniachia rula ile. Hapakuwa na sherehe. Aliisahau mezani, na alipoikumbuka alinipigia simu akasema nikae nayo tu.

Kiwanda kilipofungwa nilikaa nyumbani miezi kadhaa nikisahihisha mabango ya mtaani kimoyomoyo. Kisha nikasikia kuna kampuni ndogo Kawangware inatafuta mtu wa kukagua kurasa za mtandao kabla mteja hajaziona. Nilikuta vijana wanne, birika moja, na Wambui wa Riruta, binti wa rika la Vera wangu, ndiye anayehoji.

"Mathe, unajua kompyuta?" akaniuliza.

"Najua kusoma."

Aligeuka akawatazama wenzake. "Hiyo ndio hatuna," akasema, na Jumatatu nikaanza.

Mwaka wa kwanza nilikagua kwa macho na kidole. Nilibonyeza kila kitufe, nikajaza kila fomu, nikaandika makosa kwenye daftari. Vijana walikuwa wakirekebisha kosa moja wanaamsha mengine matatu mahali ambapo hakuna aliyegusa. Siku moja Wambui akavuta kiti karibu nami akiwa na furaha ya mtu aliyeletewa friji.

"Ona, Mathe. Kurasa zetu tunaziunganisha na vipande, si ndio? Kitufe, kadi, orodha, fomu. Sasa komputa inapiga kila kipande snapshot, picha, inaiweka. Ukibadilisha kitu inapiga ingine, inalinganisha. Zikikosana inapiga nduru."

Picha yenyewe, kwa wale mliojiunga juzi na mnaona haya kuuliza, si picha ya kutundika ukutani. Ni maandishi. Kompyuta inaorodhesha mstari kwa mstari kila kilichotoka kwenye kipande, maneno yake, rangi zake, kilicho ndani ya kingine. Ikilinganisha ya jana na ya leo, mstari uliotoka unawekewa alama ya kutoa, na ulioingia alama ya kujumlisha. Nilicheka mpaka Wambui akaudhika kidogo. Miaka yote hiyo nimefanya kazi hii hii, nakala mkono mmoja na prufu mkono mwingine, na sasa wameivumbua.

Nilimwuliza swali moja tu, picha zikikosana nani anaamua ipi ni sawa.

"Wewe," akasema. "Ukifinya i, inakuonyesha moja moja. Ukifinya u, inakubali zote mara moja, na hiyo mpya ndio inakuwa ya kweli."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Mashine haijui kilicho sahihi. Inajua kilichokuwepo jana. Ukishaikubalia Februari ya siku thelathini, itaitetea kila asubuhi kwa uaminifu mkubwa, na yeyote atakayejaribu kuirudisha kwenye ishirini na nane atapigiwa nduru yeye. Kwa hiyo nilileta rula, na nilileta desturi ya Mzee Shiundu. Hakuna kukubali picha mpya peke yako. Mmoja anasoma tofauti kwa sauti, mwingine anafuata na rula kwenye kioo. Wambui alikuwa mwenzangu wa kusoma. "Imetoka: kijani hafifu. Imeingia: kijani kibichi." Kijana mmoja alilalamika kwamba rula inakwaruza kioo, nikaishonea kitambaa. Msusi wa saluni ya chini alituuliza kama tumefungua kanisa.

Sasa niende kwenye siku yenyewe.

Tulikuwa tumetengeneza kadi za wajawazito kwa kliniki moja ndogo ya akina mama kule Kianda, si mbali na ploti yangu. Muuguzi wao, Sista Mueni, aliacha makabati ya mafaili akaanza kutumia tableti. Kadi ilionyesha jina la mama, miezi, uzito, kundi la damu na siku ya kurudi. Kwa mama wachache ilionyesha pia lebo nyekundu upande wa juu: "Rhesus hasi". Sista Mueni alitueleza maana yake akiwa amesimama, kwa sababu hakuwahi kuketi. Mama wa damu hiyo akizaa mtoto wa damu ya Rhesus chanya, mwili wake unaweza kujifunza kuipiga vita damu ya mtoto. Yule wa kwanza hupona. Anayekuja baada yake ndiye huumizwa, hata kufia tumboni. Kinga ni sindano, na inatakiwa ndani ya siku tatu baada ya kujifungua.

"Naomba kitu kimoja tu," akatuambia. "Hiyo nyekundu isipotee. Siku foleni imefika nje sina muda ya kusoma kadi yote. Naangalia nyekundu."

Nilimwahidi haitapotea. Niliahidi mimi, kwa mdomo wangu.

Miezi michache baadaye kliniki iliomba rangi ya kurasa zao ibadilike, kijani kilingane na ukuta wao mpya. Wambui aliandika mabadiliko hayo Jumatatu asubuhi akiwa na begi miguuni, maana alikuwa anasafiri Nyeri kwa ruracio, sherehe ya mahari ya dada yake, wiki nzima na zaidi. Alipokuwa humo akaona afadhali asafishe pia kipande cha lebo, kilichokuwa kimeandikwa ovyoovyo. Kompyuta ikapiga nduru: picha mia mbili na kumi na mbili zimekosana.

"Ni rangi tu, Mathe," akasema akivaa koti. "Lakini pitia."

Nilipitia. Nilibonyeza i, nikasoma moja moja kimoyomoyo, bila mwenzangu na bila rula, maana rula bila mwenzangu niliona ni maigizo. Imetoka kijani hiki, imeingia kijani kile. Ya kumi, ya ishirini, ya arobaini, zote kijani. Nilikuwa na miadi ya kusukwa hapo chini, na msusi alikuwa ameshapanda ngazi mara mbili kuniuliza kama nampisha mwingine. Nikabonyeza u. Mistari myekundu ikageuka kijani yote, nikashuka nikasukwa mistari midogo iliyonipendeza sana.

Siku saba zilipita. Jumatatu ya wiki iliyofuata Zeinab alijifungua. Zeinab ni binti wa mwenye ploti yetu, Mnubi wa hapa hapa Kibera, mlango wake ni wa tatu kutoka kwangu. Huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza, wa kike. Jumanne nilienda kumpongeza na chupa ya uji wa wimbi, nikampakata mtoto karibu nusu saa. Nakumbuka nilimwambia mama yake Zeinab kwamba hao watakuja wengi, chumba kitajaa. Alisema inshallah.

Jumatano Wambui akarudi na mfuko wa viazi vya ofisi. Kitu cha kwanza alichotaka ni tusome zile mia mbili na kumi na mbili.

"Nilishazikubali," nikamwambia.

"Tulisema ni watu wawili. Hata kama nimechelewa."

Mimi ndiye niliyemfundisha ukaidi huo, kwa hiyo nikavuta kiti. Alisoma, nikafuata na rula. Kijani, kijani, kijani. Tulikuwa tumevuka mia moja na thelathini aliposoma: "Imetoka: Rhesus hasi. Imeingia..." Akakikaribia kioo. "Mathe, hakuna kimeingia."

"Rudia."

"Imetoka, Rhesus hasi. Chini hakuna kitu."

Aliposafisha kile kipande cha lebo alibadilisha jina moja ndani yake, na lebo nyekundu ikakosa pa kushika. Habari ya damu ya mama bado ilikuwa imehifadhiwa salama ndani ya kompyuta. Haikuonyeshwa tu. Kwa siku tisa Sista Mueni alikuwa akitafuta nyekundu kwenye kadi zisizoweza kuwa nyekundu, na asipoiona anamwambia mama aende salama. Mashine ilikuwa imepiga nduru Jumatatu ile ile, kama inavyotakiwa. Ilinyamaza kwa sababu mimi niliiambia ni sawa.

Wambui alianza kulia huku anaandika. "Ni mimi niliivunja," akawa anasema.

"Kuvunja kila mtu anavunja. Kuona ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Aliirudisha lebo katika dakika chache. Mimi nikampigia Sista Mueni nikamwomba aorodheshe kila mama wa Rhesus hasi aliyejifungua ndani ya siku hizo tisa. Nilimsikia akipekua, akihema. Alikuwa mmoja. Akanitajia jina, na mahali anapoishi hakuwa na haja ya kunitajia.

"Hakuja na daftari yake ya kliniki," Sista akasema. "Mvua iliingia nyumba yao ikalowa yote. Nilitumia tableti tu. Mtoto tumempima, ni chanya. Alizaa Jumatatu saa tatu asubuhi, so mwisho ni kesho saa tatu. Na hapa sina hiyo sindano. Wacha niitafute hospitali kubwa. Wewe niletee mama."

Nilichukua bodaboda. Sitaki kuwadanganya kwamba niliwaza mambo ya maana njiani. Niliwaza kwamba ningeweza kumwambia tu Sista anamwita, bila kusema kwa nini. Ningeweza, na hakuna ambaye angeniuliza.

Zeinab alikuwa ameketi mlangoni akipata jua, mtoto mapajani. "Mama Vera! Leo job imeisha mapema?"

"Zeinab, vaa viatu twende kliniki. Kuna sindano ulifaa kupewa ukijifungua, na hukupewa."

Nikamweleza yote, damu yake, ya mtoto, na huyu wa baadaye ambaye hajatungwa. 

"Waliniambia niko O," akasema. "Hiyo ingine sikuelewa. Sasa nani alisahau?"

"Mimi."

"Wewe si daktari."

"Maandishi ya kumkumbusha Sista yalikuwa kwenye kompyuta. Yakapotea, na kompyuta ikaniuliza kama ni sawa. Nikajibu ni sawa."

"Ulikuwa umesoma?"

"Sikusoma yote."

"Kwa nini?"

Kuna majibu mengi ya kikazi, na yote nayajua. "Nilikuwa naenda kusukwa," nikasema.

Alinitazama kichwani. Ile mistari bado ilikuwa mipya. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, si kwa Mzee Shiundu wala kwa mtu mwingine yeyote. Kisha akasimama.

"Shika mtoto nivae viatu," akasema.

Sikujua kama huo ni msamaha au ni kwa sababu mikono yangu ndiyo iliyokuwa karibu. Nilimshika mtoto kama anayeshika yai la mwenyewe. Sindano ilifika kliniki saa kumi na moja jioni, ndani ya kisanduku cha barafu, na Zeinab akachomwa. Sista Mueni aliniangalia mara moja tu, akaandika saa.

Siku iliyofuata Wambui akanivuta pembeni. Kila mabadiliko kwenye kazi yetu yanabaki na historia yake, nani alifanya nini na lini. Aliyezikubali zile picha mia mbili na kumi na mbili alikuwa na jina langu, kamili.

"Mathe, naeza toa hiyo jina. Ni kitu ya dakika mbili. Hakuna mtu atajua."

"Wacha."

"Kila mtu mpya ataiona!"

"Ndiyo, waione."

Bado ipo. Itafuteni mkipenda, halafu mrudi kazini. Mtaona pia kwamba baada ya siku hiyo tuliacha kupiga picha ya kipande kikubwa kama kadi nzima. Tunapiga kipande kidogo, ili tofauti ikitokea iwe mistari mitano inayosomeka, si mia mbili ya kuchosha macho. Mabadiliko ya rangi yanaenda peke yake, usafi wa kipande unaenda siku nyingine. Na lile ambalo mtu anaweza kuumia kwalo haliachiwi picha pekee. Linaandikiwa jaribio lake, lisemalo kwa maneno kwamba mama huyu akiwa Rhesus hasi, maneno haya lazima yaonekane. Hilo hata ubonyeze u hadi kidole kichubuke, halikubali. Niliomba liandikwe kwanza kabla ya chai.

Zeinab hakunikasirikia kwa maneno. Alinisalimia kila siku, "sasa Mama Vera", akapita. Zamani angesimama, angeingia, angemaliza sukari yangu. Nilimkosa sana, na nilijua siwezi kudai. Sindano ile haina namna ya kukuonyesha leo kwamba imefanya kazi. Jibu lilikuwa ndani ya mtoto wa pili, na mtoto wa pili huja anapotaka.

Alikuja karibu miaka mitatu baadaye. Nilijua kwa tumbo lake, si kwa kuambiwa. Kila alipotoka kliniki nilikuwa nafua nguo mlangoni, hata zilizo safi. Siku moja alipita na beseni akasema bila kusimama, "Damu wamepima. Iko sawa." Nilikaa chini pale pale kwenye maji.

Mtoto alizaliwa mwezi uliopita, wa kiume, mzito, mwenye sauti ya kondakta. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Jumamosi, mtoto akiwa na siku tano, Zeinab aligonga mlango wangu naye begani, daftari jipya la kliniki mkononi, na simu.

"Sista amenitumia kadi kwa simu, na ameandika kwa daftari," akasema. "Nataka tusome. Vile mnasomanga huko kwenu."

"Nani alikuambia tunavyosoma?"

"Kwani nani hajui? Leta hiyo rula."

Tuliketi kitandani. Yeye alishika simu, mimi daftari, mtoto katikati yetu amelala. Alisoma polepole, kila neno, na nukta akazitaja.

"Jina la mama." Akalisoma. "Iko?"

"Iko."

"Kundi la damu, O. Iko?"

"Iko."

"Rhesus hasi."

Niliweka rula chini ya mstari. Niliuona vizuri, kalamu nyekundu, mwandiko wa Sista Mueni, na chini yake saa ya sindano. Niliuona kisha sikuuona tena, maana macho yalikuwa yamejaa.

"Mama Vera, umenyamaza. Iko ama haiko?"

"Iko," nikasema. "Endelea."